Kopo Halitoki

Kabula mwanangu,

Tulipofundishwa kuandika barua darasa la tano, ilikuwa lazima uanze kwa kusema wewe ni mzima, hofu ni kwa mwenzio tu. Mimi hofu sina. Uzima wako naujua, asubuhi umekunywa uji vikombe viwili ukanipigia kelele kwamba nimeficha soksi zako. Sasa hivi uko Nyahanga kwa shangazi yako, umefuata begi, na mimi nimekaa kwenye kigoda hapa mlangoni, jua la saa tisa linaniwakia miguuni, naandika haraka kabla hujarudi. Ukinikuta na kalamu utaanza maswali, na maswali yako nayajua, hayana mwisho.

Barua hii nitaichomeka ndani ya daftari lako la mvua, lile la kwanza ambalo jalada lake lililiwa na panya. Najua utalifungua kesho, njiani kwenda chuo. Nakuomba ulifungue basi likishapita Ushirombo, uwe mbali kiasi kwamba hata ukimlilia dereva hatakusikiliza. Na kama umefungua mapema, wee Kabula, kaa kwenye kiti chako. Usithubutu kushuka.

Sitakuambia mambo ya kula kwa wakati na kufua nguo za ndani mwenyewe. Hayo nimeyasema miaka kumi na minane, kama hayakuingia basi hayaingii leo. Nina mambo mawili tu, na yote mawili ni uongo wangu. Mmoja nimekudanganya wewe Jumapili hii. Mwingine niliwadanganya watu wa kijiji kizima ulipokuwa na miaka sita, na huo ndio uliouzaa huu wa juzi.

Jumapili ulirudi kutoka Kahama na fomu yako ya hospitali, ukaniuliza kikao kilikuwa cha nini. Nikasema cha kisima. Ukauliza mbona macho yangu yamevimba, nikasema moshi. Hakikuwa kikao cha kisima, mwanangu. Kilikuwa kikao cha kopo lako.

Ndiyo, kopo. Lile lile la bati la maziwa ya unga, ulilolifunga kwenye nguzo nyuma ya nyumba ulipoanza kidato cha kwanza, mwalimu wenu wa jiografia alipowaambia kila mmoja apime mvua ya kwao. Wenzako walipima mwezi mmoja wakachoka, makopo yao mama zao wakawekea chumvi. Wewe ukalizungushia miiba mbuzi wasilisogelee, ukaniwekea na sheria: saa tatu kamili asubuhi rula iingie, maji yasomwe, yaandikwe, yamwagwe. Na kwa kuwa saa tatu wewe ulikuwa darasani, msomaji nikawa mimi. Mimi niliyeishia la saba, nikajua milimita. Nilianza kwa kukuridhisha, baadaye nikaona siku ambayo sijaenda kwenye kopo ni kama siku ambayo sijanawa uso.

Mwaka huu umeuona mwenyewe. Mvua za Novemba zilikuja siku tatu zikaaga. Mahindi yakakauka yakiwa usawa wa goti. Halafu Februari ikashuka ya siku moja, ikasomba pamba pamoja na udongo wake, kopo likafurika mpaka rula ikakosa kazi. Watu wamebaki na njaa na hasira, na hasira inatafuta pa kukaa.

Kwa hiyo Jumapili, baada ya ibada, wakakusanyika, na mimi nikaambiwa nije peke yangu. Ungekuwepo ungecheka, halafu ungelia. Kila mtu alikuja na sababu yake mfukoni. Mchungaji akasema Mungu amechukia kwa sababu wasichana wanavaa suruali. Nikamtazama mke wake, ambaye toka nimjue hajavaa suruali hata ya kulimia, na shamba lake limekauka kama letu. Akasimama kijana mmoja anayefanya kazi za kubahatisha kule mgodini Bulyanhulu, akatoa simu, akatuchezea video ya bwana mmoja mwenye tai anayesema mambo ya hewa ya ukaa ni uzushi wa Wazungu, wametunga ili Mwafrika asijenge viwanda. Jua ni lile lile, alisema yule wa kwenye simu. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema hata ujana wake njaa zilikuwepo. Kweli zilikuwepo. Lakini nilipomuuliza ni lini mara ya mwisho aliona mto wetu una maji mwezi wa sita, akakaa chini akaanza kutafuta kiko chake.

Wengine wakawakumbuka wale wa semina, waliokuja na gari jeupe, wakatupa soda, wakatuambia dunia inapata joto na tuache mkaa, wakatuachia miche mwezi wa saba, kiangazi kimewaka, mbuzi wakaifanya kachumbari. Na walipoondoka walibeba magunia mawili ya mkaa nyuma ya gari. Hapo kikao kizima kilicheka, na mimi nilicheka. Ndiyo maana watu hawawaamini, Kabula. Sikiliza vizuri hilo kwa sababu na wewe siku moja utakuja na gari.

Kicheko kilipoisha akasimama baba yako mkubwa Masanja. Unamjua anavyosimama, kama mtu anayenyanyua gunia. Kaka wa marehemu baba yako, na mtemi wa sungusungu, akiongea watu wanazima redio. Akasema: "Lisemwalo lipo. Mvua ilikuwa inanyesha kabla ya kopo. Kopo limewekwa, mvua imekwenda. Aliyeliweka sasa anakwenda Kigoma kusomea mambo hayo hayo ya mvua. Na anayelitazama kila siku saa ile ile, akatumbukiza kijiti, akaandika, akamwaga maji chini, ni mama yake." Akanigeukia. "Mama Kabula, yale maji unayamwaga ukisema maneno gani?"

Nikamjibu, "Nasema milimita nne."

Hakuna aliyecheka.

Wakaamua. Kopo litoke kabla mtoto hajaondoka. Likikutwa limesimama siku unapanda basi, basi mimi nisisalimiwe na mtu, nisipewe moto, nisichote maji pamoja na wenzangu, na nikifiwa wasije. Ndivyo ilivyo. Na wewe unajua kwetu mwanamke mjane mwenye macho mekundu akishatengwa kama mchawi, yanayoweza kumfuata. Sitayaandika. Nilikuficha kwa sababu nilijua ungeng'oa kopo kwa mikono yako ukakaa hapa kunilinda, na chuo kingekwenda na maji.

Lakini sikukuambia kilichonitetemesha hasa. Si hukumu. Ni kwamba maneno yale niliwahi kuyasikia, neno kwa neno, pale pale, na siku ile aliyekuwa akinyooshewa kidole ni mtu mwingine, na kidole kilikuwa changu. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Unamjua Bibi Nyanzobe, yule anayekaa peke yake kule mwisho kwenye mawe, ambaye nilikukataza kupita kwake. Hukuwahi kuniuliza kwa nini, na wewe unauliza kila kitu. Labda uliona uso wangu. Basi huyo ndiye aliyekukata kitovu. Siku unazaliwa mvua ilikuwa inapiga bati la jirani mpaka hatusikilizani, mkunga wa zahanati hawezi kupita njiani, yeye akaja amejifunika gunia, akakupokea. Akasema, "Huyu amekuja na mvua, ni Kabula." Jina lako ni la kwake. Nyumba yake ilikuwa pale penye kichuguu, hatua thelathini kutoka hapa nilipokaa.

Sasa nikueleze ngitili ya babu yako. Wewe umekuta uwanda mtupu, unachojua ni kwamba miti ilikatwa tu. Babu yako alikuwa ametenga eneo zima lile la bondeni, migunga na mininga na majani hadi kiunoni. Mvua zikianza linafungwa, ng'ombe hakanyagi mpaka kiangazi kikali, ndipo linafunguliwa kidogo kidogo. Alipokufa alituachia sisi. Baba yako alikuwa Rwamgasa, ana duara, shimo la dhahabu, na wenzake watatu, akatuma ujumbe kwamba shimo limeshuka sana na kuta zinamomonyoka, wanahitaji matimba, yaani zile nguzo za kushikilia duara lisiwafukie. Alisema nimtafutie chache. Chache! Mimi ndiye niliyeita lori. Mimi ndiye niliyesimama na wakata miti wiki mbili nikiwaonyesha huu, na huu, na ule. Hakunilazimisha mtu. Nilikuwa na njaa ya nyumba ya bati, na niliona miti imesimama bure, na bure ni neno baya sana, mwanangu, ukilisikia kinywani mwako kuhusu kitu ambacho mwingine alikilinda, jitazame.

Nyumba ya bati nikaipata. Baba yako akapata kifua kilichojaa vumbi la mawe, kikamzika ukiwa darasa la nne.

Mwaka ule uliofuata baada ya kukata, mvua ilikataa. Watu wakaanza kunong'ona kisimani: Mama Kabula amefungua ngitili ya mkwewe, mizimu ya ule ukoo imechukia, tunalipa sote. Niliogopa kuliko ninavyoweza kukuambia. Ulikuwa na miaka sita, baba yako yuko shimoni, mimi mwanamke peke yangu. Kikao kikaitwa. Nilijua kikifika katikati jina langu litatajwa. Basi kabla halijatajwa nikasimama nikataja la mwingine.

Nikasema nimemwona Bibi Nyanzobe alfajiri akigeuza mtungi mdomo chini, ameelekea mawio, anataja majina.

Mtungi niliuona kweli. Ulikuwa mdomo chini juu ya ua wake kwa sababu ameuosha na unakauka, kama mitungi yote chini ya jua. Majina niliyaongeza mimi.

Hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Akatengwa siku ile ile. Akasimama akanitazama, akatoka nje akabeba kitanda chake kichwani. Watu wakarudi nyumbani wameridhika, kama kazi imefanyika. Na mvua haikunyesha. Haikunyesha wiki ile wala mwezi ule. Mvua haikuwa na habari kwamba tumemtenga mtu.

Miaka kumi na miwili nimeishi hatua thelathini kutoka kwenye kichuguu kile. Nimeimba kwaya. Nimechangia harusi. Nimekulea wewe ukawa mtu wa ukweli, mpaka nikakuogopa. Unakumbuka ulipokuwa kidato cha pili, malaria imekulaza, unatetemeka chini ya blanketi mbili, ukaniuliza, "Mama, imenyesha?" Haikunyesha. Lakini ulivyokuwa, nikakuonea huruma, nikasema milimita nane, nikaandika nane kwenye daftari. Ulipopona ukaenda kulinganisha na kopo la shuleni, kule hakuna kitu. Ukarudi huna rangi. Ukaniambia, "Mama, usiniandikie mvua ambayo haikunyesha." Ukaninunia siku mbili. Mimi nilinuniwa kwa milimita nane, na moyoni nikawa najiambia, mtoto huyu angejua.

Ndiyo maana siwezi kukushauri kama mzazi aliyenyooka. Nakuambia kama mtu aliyepinda akajiona. Ulichonitaka siku ile ndicho kitu pekee ninachokirudisha kwako: niandikie iliyonyesha. Kule chuoni watakupa vyombo vya maana kuliko kopo na rula. Utakuja kupima na ile hewa ya ukaa yenyewe labda, mimi sijui inapimwaje. Ikiwa mbaya sema mbaya. Watu watakuomba useme nane.

Nilikuuliza mwaka jana hiyo hewa inafanyaje mpaka dunia ichemke. Tulikuwa ndani, mchana, bati linatoa joto la kuivisha viazi. Ukafunga dirisha. Ukafunga na mlango. Tukakaa mpaka jasho likanitiririka mgongoni nikakuambia wewe mtoto umerogwa, fungua! Ukasema, "Ndiyo hivyo, mama. Joto linaingia, halitoki vizuri." Nikakuuliza, na nani kafunga? Ukasema, "Wengi. Wa mbali kuliko sisi, wamefunga siku nyingi, wewe hujazaliwa. Viwanda, magari, makaa ya mawe." Ukafungua dirisha. "Ila na sisi tuna kadirisha ketu." Nilijua unasema ngitili, na unajua nilijua.

Hasira niliyoipata siku ile sijaimaliza hadi leo. Nilijihukumu mimi kwanza, kwa kadirisha kangu. Halafu nikawaza wale wa mbali, ambao hawalijui hata jina la kijiji hiki, na moshi wao unakuja kukausha mahindi yangu mimi nisiye na hata pikipiki. Halafu nikaelewa kitu, Kabula, na hiki nilikielewa peke yangu bila chuo. Mwenye kiwanda hafikiki kwa fimbo ya sungusungu. Bibi Nyanzobe anafikika. Ndiyo sababu tulimchagua. Watu wakiumizwa na kitu kikubwa kilichoko mbali, wanamtafuta mdogo aliyeko karibu. Mchungaji anawapata wasichana, yule kijana wa simu anawapata Wazungu wote kwa mkupuo, baba yako mkubwa anapata kopo. Mimi nilimpata mwanamke aliyekupa jina.

Usiwacheke lakini. Nakukataza. Kuna wakati utakuwa umeshajua mengi, utarudi hapa utawaona wajinga. Ule si ujinga mtupu, ni woga, na woga ule naujua harufu yake kwa sababu niliuvaa. Wabishie. Wabishie mpaka koo likauke. Ila wabishie ukiwa umekaa nao kwenye mkeka mmoja, na usiondoke na magunia ya mkaa.

Sasa leo. Ulipoondoka asubuhi kwenda Nyahanga, nilisubiri saa tatu, nikasoma kopo. Sifuri. Nikaandika. Nikajifunga khanga mpya nikaenda kwa baba yako mkubwa.

Nilimkuta anachonga mpini. Nikamwamkia, nikamwambia, "Kopo halitoki."

Hakuinua uso. "Shemeji, fikiri. Mtoto anaondoka. Utaishi na nani?"

"Nitaishi na kopo."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi. Na kuna lingine. Ule mtungi wa Bibi Nyanzobe, nilidanganya. Ulikuwa unakauka tu. Waite watu niwaambie."

Ndipo akaacha kuchonga. Nilidhani atafoka. Nilitaka afoke. Akanitazama kwa sura ya uchovu, akasema polepole, "Tulijua, shemeji. Mtungi ni mtungi. Kila mwanamke hapa anageuza mtungi."

Nikamuuliza kwa nini sasa. Akasema, "Watu walitaka kitu cha kufanya."

Nilitamani kumpokonya ule mpini. Miaka kumi na miwili nimebeba uongo nikidhani ni wangu peke yangu, kumbe kijiji kizima kilikuwa kinanisaidia kuubeba, na yule mama kule kwenye mawe hakuna aliyemsaidia hata ndoo! Nikamwambia, "Basi mwaka huu tafuteni kitu kingine cha kufanya. Fungeni ile ngitili upya. Bonde liko wazi, nawapa, ni la ukoo, mbegu za migunga bado ziko ardhini mbuzi wakizuiwa. Kazi hiyo inatosha miaka kumi. Lakini kopo la mwanangu halitoki, na mimi siliombei radhi." Akasema, "Basi kesho usimlaumu mtu." Nikamwambia sina wa kumlaumu, nimeshamaliza kujilaumu, sasa nimepata nafasi ya kufanya mengine.

Nikatoka. Badala ya kurudi nyumbani miguu ikaelekea yenyewe kule kwenye mawe.

Alikuwa amekaa chini anamenya njugu mawe. Amekuwa mdogo, Kabula, kama mtoto wa darasa la tatu. Nikasema, "Shikamoo, bibi."

Akamenya njugu nyingine.

Halafu akasema, "Hebu rudia."

"Shikamoo."

"Marahaba. Nilitaka nisikie kama ndiyo yenyewe. Mchana kweupe sijaisikia siku nyingi."

Nikapiga magoti nikamwambia yote. Matimba, mtungi, majina niliyoyaongeza. Na kopo, na kesho. Aliendelea kumenya. Nilipomaliza akauliza, "Yule niliyemkata kitovu ndiye mwenye kopo?"

"Ndiye."

"Linasema mvua imenyesha kiasi gani?"

"Ndiyo kazi yake tu, bibi. Halileti wala halizuii."

"Mwaka ule lingekuwepo, lingesema nini?"

"Lingesema sifuri."

"Lingenitaja mimi?"

Nikasema, "Hapana, bibi. Lisingekutaja."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizia bei na kuridhika. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Msamaha sina. Nitautafuta, nikiupata nitakuita. Moto ninao. Utabeba?"

Wewe ni mtoto wa kiberiti, utasema moto si kitu. Hata mimi kiberiti ninacho, kiko hapo dirishani. Lakini kwetu kuomba moto kwa jirani ni kuhesabiwa mtu, na kunyimwa ni kuambiwa hupo. Yule mama alinyimwa miaka kumi na miwili, na mimi ndiye niliyemnyimisha. Akaokota kigae cha mtungi, sikuuliza cha mtungi upi, akanichotea makaa kutoka kwenye mafiga yake.

Ningeweza kupita nyuma, kwenye mashamba. Thubutu! Nilipita katikati ya kijiji, saa sita kamili, kigae kinaniunguza vidole, moshi unanifuata. Nikapita kisimani. Nikapita kanisani. Wote walijua ninatoka wapi, kule hakuna nyumba nyingine. Nikawaamkia kila mmoja, "Mwangaluka!" kwa sauti, ingawa ni mchana na salamu hiyo ni ya asubuhi, nilikuwa nimechanganyikiwa. Hakuna aliyeitika. Mke wa mchungaji peke yake alifungua mdomo, akaufunga. Nitaanza na huyo.

Kwa hiyo usiogope, na kama umeogopa, ogopa ukiwa kwenye kiti. Ninaogopa hata mimi, sitakuandikia sifuri kwenye hilo. Lakini siogopi kama nilivyoogopa mwaka ule, kwa sababu mwaka ule nilikuwa upande mbaya wa kidole. Ukipiga simu nisipokee, mpigie shangazi yako, yeye anajua, tumepanga. Usije kunitetea. Soma. Nikikutaka nitakuita, nina mdomo.

Daftari hilo la zamani ni lako, lina ile nane yangu ya uongo, uliikata kwa wino mwekundu ukaandika sifuri. Jipya nimelinunua, liko juu ya kabati. Kesho saa tatu, wewe ukiwa huko Ushirombo unanisoma, mimi nitakuwa nyuma ya nyumba na rula.

Nasikia pikipiki barabarani, labda ni wewe. Nimemchinja yule jogoo mwekundu anayekuamsha, yuko jikoni anachemka. Jioni hii utakula, utalamba vidole, utaniambia, mama leo kuku ameiva. Sitasema kitu. Sasa unajua ameivishwa na moto wa nani, yule yule aliyekupokea kwenye mvua.

Ni mimi mama yako, ambaye leo amepewa moto.